Kodi ilipita kwenye simu yangu, kumbe mwenye nyumba siye

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Dodoma, mwanamke wa miaka 31, mama wa watoto wawili. Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa na kibanda cha vocha na kusajili laini pale Ilazo, na watumishi walipoanza kuhamia huku kwa wingi ikawa haipiti siku bila mtu kuniuliza, "Dada, huku hakuna chumba?" Nikawa nawapeleka bure, mpaka nilipogundua kuna wenzangu wanalipwa kwa kazi hiyohiyo. Siku hizi kibanda anakaa mdogo wangu, mimi nazunguka na bodaboda: Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu, mpaka Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Mpangaji akipata nyumba ananipa kodi ya mwezi mmoja. Kumpeleka kuona ni elfu kumi, apate asipate.

Miezi michache iliyopita nilipata mteja nesi, kahamishiwa huku kutoka Singida. Anataka vyumba viwili na sebule, maji ndani, fensi. Mimi sikuwa nayo ila dalali mwenzangu wa Nzuguni alikuwa nayo, laki mbili kwa mwezi, miezi sita. Tukaenda watatu. Akatufungulia bwana mmoja amevaa kandambili, akatuzungusha vyumba vyote mpaka kwenye simtanki, akasema anahamia Mwanza ndiyo maana anapangisha nyumba yake. Funguo anazo, makochi yake yamo ndani. Ningeuliza nini tena?

Nesi alinitumia 1,400,000 kwenye simu yangu, kwa sababu alisema kati ya wote pale ananiamini mimi. Nikatoa laki mbili za udalali, nikagawana na mwenzangu laki laki, zilizobaki 1,200,000 nikamtumia yule bwana. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Akasema ni laini ya mke wake.

Siku ya tisa, nesi akiwa kazini, akashuka mama mmoja mjane kutoka Kondoa na kufuli lake mkononi. Nyumba ni yake. Yule bwana alikuwa mpangaji tu, anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na ameshaondoka. Simu yake haipatikani. Dalali mwenzangu ameniblock. Nesi na mtoto wake wamehifadhiwa na ndugu yao Chang'ombe, na kila asubuhi ananitumia maneno yaleyale matatu: "Dada, hela yangu." Nimemrudishia laki yangu moja. Mume wangu anasema nisiongeze hata shilingi, maana na mimi nilidanganywa.

Nina binamu yangu Houston, kule Texas, anafanya kazi kama yangu ila yeye ana leseni. Nilipomsimulia akasema, "Huku ungeitwa kwenye kamisheni." Nikamjibu kamisheni yenyewe ilikuwa laki moja na nimesharudisha. Alicheka mpaka simu ikakatika! Kumbe kamisheni ya kwao ni tume inayosimamia madalali, ina uwezo wa kumnyang'anya mtu kazi. Niliona aibu, Shangazi. Nikajiuliza: mimi huku nasimamiwa na nani?

Sasa nina maswali. Je, natakiwa kulipa ile milioni na laki mbili? Leseni ya udalali wa nyumba inatolewa wapi hapa Tanzania? Kuna kaka anatangaza mafunzo ya siku tatu kwa simu, 350,000, mwisho unapewa kitambulisho cha "wakala aliyethibitishwa", nimlipe? Na la mwisho: mzee mmoja wa Nala kanipa kiwanja nimuuzie, anataka milioni nane. Nimepata mnunuzi wa milioni kumi na moja. Ile tatu ni yangu?

Dalali wa Ilazo

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, jina la mwanamke lilipotokea. Simu ilikuonyesha jina, ikakaa kimya kusubiri namba ya siri, nawe ukaiweka. Sikusemi kwa ubaya. Nilikaa miaka mingi dirishani kwenye ofisi moja ya ardhi, na nimeona watu wenye shahada mbili wakipoteza kiinua mgongo kizima kwa maelezo mepesi kuliko hayo ya laini ya mke.

Tuanze na nesi. Leseni inaweza kusubiri, mtu aliyelala kwa ndugu na mtoto hawezi.

Mume wako yuko sahihi kwamba ulidanganywa, na polisi utaeleza hivyohivyo. Lakini nesi hakumtumia hela bwana wa kandambili. Alikutumia wewe, na wewe ulikata ujira wako kwanza ndipo ukapeleka. Ukishakata ujira huwezi kurudi ukasema ulikuwa mpita njia. Kwamba katika ile 1,200,000 kiasi gani kiwe juu yako, kiasi gani juu ya mwenzako na kiasi gani kimfuate mwizi, mkishindwa kuelewana ni kazi ya mahakama, nami sitajifanya hakimu. Laki mbili za udalali lakini sina wasiwasi nazo hata kidogo: zirudi zote. Usimwambie nesi kwamba laki ya pili anayo mwenzako. Nesi hakuwahi kukubaliana na mwenzako, alikubaliana na wewe. Mrudishie, kisha wewe ndiye umtafute huyo aliyekublock.

Polisi nendeni wote wawili, wewe na nesi, siku moja. Akienda peke yake utaandikwa wewe mtuhumiwa wa kwanza, na sitamlaumu atakayeandika. Mkienda pamoja mnakuwa mashahidi wa kosa moja, la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Chukueni RB, ile namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Beba ujumbe wa muamala, namba iliyopokea na lile jina lililotokea. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kuna mtu halisi nyuma ya jina hilo, na kampuni ya simu itatoa taarifa zake kwa polisi wakifuata utaratibu. Haitakupa wewe, na usimlipe kijana yeyote anayejinadi kwamba "atamtrack" kwa elfu hamsini. Utaibiwa mara ya pili.

Halafu kuna mtu ambaye katika barua yako umempitia haraka mno, yule mama wa Kondoa. Umemwandika kama aliyekuharibia. Fikiria tena. Alimpangisha yule bwana, kwa hiyo huenda ana mkataba wake: jina kamili, namba ya kitambulisho, pengine na mdhamini. Hakuna mtu Dodoma nzima mwenye habari nyingi za mwizi wenu kuliko yeye. Na yeye mwenyewe anadai miezi mitatu. Tena ana nyumba tupu yenye fensi na maji ndani, na mpangaji mwenye mshahara wa serikali yuko Chang'ombe anatafuta pa kukaa. Mwombe ampokee nesi kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja hadi mambo yatulie. Anaweza kukataa, ana haki. Lakini nimeona wenye nyumba wengi, na aliyesafiri kutoka Kondoa na kufuli lake mwenyewe ni mtu anayetaka nyumba yake iwe na mtu anayeeleweka.

Kwa ile milioni na laki mbili, mwandikie nesi utakachoweza kumpa kila mwezi wakati mwizi anatafutwa, hata kama ni elfu themanini. Kabla ya kutia saini mwonyeshe wakili, au msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao huduma yao ni bure. Karatasi iseme unarejesha kwa makubaliano, isije ikasomeka kwamba ulikula njama.

Sasa kamisheni.

Na mimi nimecheka na binamu yako, lakini baadaye nikaona wewe ndiye uliyesema kweli bila kukusudia. Kwa madalali wetu neno hilo lina maana moja tu, hela. Kule Texas lina maana mbili, na ile ya pili ndiyo inayoilinda ya kwanza. Tume yao ya mali isiyohamishika ipo tangu 1949. Ina wajumbe tisa: sita wametoka kwenye kazi yenyewe, watatu ni wananchi wasio madalali kabisa. Hao watatu ndio ninaowapenda. Fundi akikaguliwa na mafundi wenzake tu, ukuta hata ukipinda utaambiwa ndiyo mtindo wa kisasa.

Kupata leseni kule lazima uwe na miaka 18 au zaidi, usome saa 180, yaani masomo sita ya saa 30 kila moja. Somo zima la saa 30 ni sheria ya uwakala peke yake: unamwakilisha nani, unamficha nini, unamwambia nini. Mikataba ni somo jingine, na fomu za mikataba ni jingine tena. Ukimaliza unatoa alama za vidole waangalie kama una historia ya jinai, kisha unafanya mtihani. Wengi wakisikia hivyo wanadhani basi, umefuzu, chukua funguo uanze. Hapana. Leseni ya mwanzo haikuruhusu kufanya kazi peke yako. Lazima uwe chini ya broka, mtu mwenye leseni ya ngazi ya juu, ambaye kabla ya kuipata amefanya kazi miaka minne na kusoma saa 900. Malipo yako yanapitia kwake. Ukiharibu, yeye naye anaulizwa. Binamu yako akipokea bahasha mkononi kwa mteja bila broka wake kujua, amevunja sheria hata kama mteja mwenyewe ameridhika.

Rudisha hilo Nzuguni uone. Wewe ulipata nyumba kwa mwenzako, mwenzako sijui aliipata kwa nani, na mwenye kandambili akasimama mwisho wa mnyororo. Watu watatu mmelipwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuuliza nyumba ni ya nani. Kila mmoja aliamini mwenzake ameshauliza.

Kuna vitu viwili vya Texas ningependa uvijue kuliko idadi ya saa. Cha kwanza, hela ya mteja haichanganywi na hela ya wakala. Inakaa kwenye akaunti ya amana, au inakwenda moja kwa moja kwa anayestahili. Cha pili, wenye leseni wanachangia mfuko wa fidia. Mteja aliyedhulumiwa na wakala, akashinda mahakamani, na wakala akawa hana cha kukamata, anaweza kuomba kwenye mfuko huo mpaka kiwango kilichowekwa. Nesi wako angekuwa na mlango wa kugonga hata kama wewe na mwenzako mngekuwa hamna kitu. Huku kwetu anagonga kwako tu, kila asubuhi.

Na usidhani ni mambo ya Marekani peke yake. Majirani zetu Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba tangu 1984, na bodi ya kuwasajili. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa. Afrika Kusini sheria yao mpya ilianza kutumika tarehe 1 Februari 2022, na ina kipengele kitamu: wakala asiye na cheti cha mfuko wa uaminifu, ule wa kuwafidia wateja, hana haki ya kulipwa kamisheni. Amefanya kazi, ameuza nyumba, mteja anaweza kukataa kumlipa, na sheria iko upande wa mteja.

Sisi je? Nikujibu bila kuzunguka: ninapoandika haya, Tanzania Bara haina bodi wala tume inayotoa leseni ya kitaaluma kwa dalali wa kupangisha na kuuza nyumba. Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia sheria ya sekta ya milki kwa miaka, na wewe unayeishi nayo mji mmoja utaisikia ikipita kabla yangu. Cha ajabu ni kwamba karibu kila mtu mwingine anayegusa kiwanja ana mwenye kumsimamia. Mthamini anasajiliwa na bodi yake chini ya sheria ya 2016. Mpangaji miji ana bodi. Mpima ardhi ana baraza. Wakili ukimlalamikia unajua pa kwenda. Hata wenzako wanaoitwa madalali wana sheria zao: dalali wa mnada anafanya kazi kwa leseni ya mnada, na dalali wa mahakama, yule anayekuja na gari kubeba friji, ana kanuni zake za 2017 zinazosema anateuliwaje, analipwaje na anaadhibiwaje. Aliyebaki nje ni wewe uliyekaa nyuma ya bodaboda na funguo za nyumba ya watu.

Jambo moja jipya lililowagusa ni amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara. Udalali wa nyumba na viwanja umo. Kwa hiyo serikali imeshasema nani asiifanye kazi hii. Nani aifanye, na kwa sifa zipi, bado.

Ndiyo maana kaka wa 350,000 usimlipe kwa ajili ya kitambulisho. Mafunzo yenyewe huenda yana maana, siwezi kuyasema vibaya ambayo sijayaona. Lakini "aliyethibitishwa" na nani? Muulize jina la sheria na jina la chombo kilichompa mamlaka ya kuthibitisha, halafu msikilize anavyozunguka. Kitambulisho cha namna hiyo kina hatari nyingine pia: mteja akikiona shingoni mwako anaacha kuuliza maswali. Nawe umeshaona mtu akiacha kuuliza kinatokea nini. Kama unataka kusoma kweli, kuna Chuo Kikuu Ardhi Dar es Salaam na Chuo cha Ardhi Morogoro. Ni safari ndefu, lakini vyeti vyake havihitaji kuvaliwa shingoni.

Unachoweza kufanya sasa hivi ni kuwa mtu anayepatikana. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, kisha nenda dirisha la biashara la Jiji uulizie leseni. Zipo za kundi A zinazotolewa na BRELA na za kundi B za halmashauri, watakuambia shughuli yako inaangukia wapi. Leseni ya biashara haisemi kwamba unaijua kazi. Inasema tu kwamba upo, una jina na una mahali. Kwa mteja anayetoka Singida kwa basi la usiku hilo si dogo.

Na kodi ya watu isipite tena kwenye simu yako. Hata mteja akisema anakuamini wewe peke yako. Hapo ndipo ukatae zaidi, maana imani hiyo ndiyo inayomzuia kukagua. Mpangaji amlipe mwenye nyumba mwenyewe, kwa akaunti au namba yenye jina linalofanana na la mkataba, na wewe upokee chako peke yake, kwa risiti. Majina yasipofanana, kazi inasimama hapohapo, hata kama lori la vyombo limeshafika getini.

Kumjua mwenye nyumba si kazi ngumu kihivyo kwa mji wetu. Omba hati au barua ya toleo, ile ya kumgawia mtu kiwanja kabla ya hati, pamoja na kitambulisho. Watu wengine hawapendi kutoa hati kwa dalali, nawaelewa. Basi omba risiti ya umeme ya LUKU uone jina, na bili ya maji ya DUWASA. Jina la LUKU linaweza kuwa la aliyejenga zamani au la marehemu, kwa hiyo peke yake halitoshi, ila likikataa kufanana na mtu aliye mbele yako una sababu ya kuuliza. Kisha nenda kwa mjumbe. Sijui kwa nini nyie vijana mnamruka mjumbe. Pale Nzuguni, kwa dakika kumi za kukaa kwenye kigoda chake, angekuambia: "Hii nyumba ya Mama fulani yuko Kondoa, huyu bwana mpangaji na kodi hajalipa." Elfu kumi yako ya kuonyesha ingekuwa imefanya kazi.

Nikiwa hapohapo kwenye elfu kumi: itoze ukishakagua. Mtu kulipia kupelekwa kwenye nyumba ambayo hata wewe hujui ni ya nani, huo ni utalii.

Tuje kwa mzee wa Nala. Hapa nitakuudhi. Ile milioni tatu si yako.

Najua kila dalali anaweka cha juu, na najua kuna wenye viwanja wanaosema wenyewe, "Mimi nipe nane, zinazozidi utajua wewe." Kama mzee alisema hivyo, mwambie aandike, na mwambie bei aliyotaja mnunuzi, kisha umsikilize kama bado anasema vilevile. Kama hakusema, wewe ni wakala wake. Sheria ya Mikataba tuliyonayo, Sura ya 345, ina sehemu nzima ya uwakala, na inafanya kazi hata bila tume wala bodi: wakala anatakiwa kumpa aliyemtuma hesabu kamili, na faida aliyojipatia kwa siri katika kazi hiyo, aliyemtuma anaweza kuidai. Yaani mzee akijua mwakani kwamba kiwanja chake kiliuzwa kumi na moja, ana pa kushika. Na atajua. Mnunuzi atakuja kuweka bikoni sawa, watakutana kwenye kivuli cha mbuyu, watasalimiana Kigogo, "Mbukwenyi", na bei itatajwa kabla ya chai kumiminwa.

Mweleze mzee kwamba mnunuzi ana kumi na moja, kisha mkubaliane asilimia kwa maandishi. Viwango vinatofautiana, hata huko Texas tume haipangi bei ya wakala, ni makubaliano. Mzee aliyekuwa anangoja nane akaletewa kumi na moja hatakuwa mgumu wa kukulipa vizuri. Nadhani utapata pungufu ya milioni tatu, na utapata pia watoto wake na majirani zake wakikuletea viwanja vyao.

Kabla ya hapo lakini, karatasi. Dodoma yetu ina historia yake kwenye karatasi. CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilikuwa inatoa viwanja hapa kwa miaka zaidi ya arobaini mpaka ilipovunjwa Mei 2017, mafaili yakahamia Manispaa, ambayo nayo ikawa Jiji Aprili 2018. Bado utakutana na watu wameshika karatasi za CDA zilizokunjwa mara nane, za umiliki wa miaka 33, wakati siku hizi hati zinafika miaka 99. Nyingine ni halali kabisa, nyingine kiwanja kimeshapata mtu mwingine. Utajua kwa upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, au kwenye masijala ya ardhi ya Jiji kama hakijafika kwenye hati. Nala nako kuna maeneo yaliyopimwa na maeneo ambayo watu wanauziana mashamba kwa hatua za miguu, usichukulie kwamba yote ni mamoja. Mauziano yawe kwa maandishi mbele ya wakili, fomu za ardhi za kuhamisha umiliki, namba 29, 30 na 35, zijazwe, mthamini afanye uthamini, kodi zilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo. Mke wa mzee aulizwe, na aulizwe yeye mwenyewe, si kupitia kwa mzee. Na mtu wa mtaani akikuomba asilimia kumi ya mauzo kwa ajili ya muhuri, muombe stakabadhi ya serikali kwanza. Mara nyingi hapo mazungumzo huisha.

Binamu yako usimwonee aibu, wala yeye asikuonee wewe. Alipata bahati ya kufanyia kazi mahali ambapo kuna mtu wa kumkaba kabla hajakosea. Mwombe akutumie ile fomu wanayompa mteja siku ya kwanza kabisa, inayoeleza wakala anamwakilisha nani na ana wajibu gani kwake. Ya kwao iko wazi kwa umma, si siri. Itafsiri, iandike kwa hali yetu, nusu ukurasa tu: mimi ni wakala wa mwenye nyumba, au wako, au wa nyote wawili na mnajua, ujira wangu ni huu, kodi sipokei mimi, unalipa kwa huyu mwenye jina hili, nimekagua hiki na hiki, sijakagua kile. Weka sahihi, weka namba ya leseni yako ya biashara, mpe mteja nakala.

Ukienda Kondoa, nenda asubuhi, na usitangulize maneno ya mkataba. Mwambie kwanza wewe ni nani na ulifanya nini kwenye nyumba yake, kabla hajaanza kukuuliza. Mkataba wa yule bwana omba kuupiga picha tu, asili abaki nayo, atauhitaji polisi. Na uende na nesi, kama atakubali kupanda gari moja na wewe.

Shangazi